Sorry ya Mama Spana

Kiwandani walimwita Kasuku, na yeye hakuona ubaya. Kazi yake ilikuwa ukarani: kujibu simu, kupanga zamu, kuhakikisha kwamba unga ulioshushwa mlangoni ndio ulioagizwa. Lakini Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mtu yeyote pale, kwa hiyo kila alipokuja mgeni, yeye ndiye aliyesimama katikati akipokea maneno ya huyu na kumkabidhi yule. "Kasuku, anasemaje?" Swali hilo alilisikia mara nyingi kuliko alivyosikia jina lake.

Kilikuwa kiwanda cha mikate. Matanuri yalikuwa upande mmoja, meza za kufungia mikate upande wa pili, na katikati palikuwa na sakafu iliyojaa unga hata vijana wakatoka kazini na nyusi nyeupe kama wazee. Mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Tajiri, alikuwa amenunua mashine mbili kubwa za kukandia unga. Waliozitengeneza wakamtuma mhandisi wao kutoka ng'ambo aje kuzifunga na kuwafundisha watu. Kila mtu alitegemea mwanamume. Akaja mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viganja vipana, spana imechomekwa mfuko wa nyuma wa suruali. Kabla ya saa ya chakula alikuwa ameshabatizwa: Mama Spana.

Wiki ile ile ya kwanza alijigonga kichwa kwenye bomba la mvuke. Chumba kizima kikamwitikia kwa pamoja: "Sorry, sorry, sorry." Akasimama akijisugua utosi, akamgeukia Kasuku.

"Mbona wananiomba radhi? Hili bomba wameliweka wao?"

Kasuku alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Kisha akamweleza. Hawa hawaombi radhi, wanakupa pole. Sisi tuna maneno mawili. Pole ni ya mtu aliyepatwa na jambo, hata kama mimi sihusiki nalo hata chembe. Nisamehe ni pale nilipokukosea. Ninyi mna neno moja tu, mmelibebesha mizigo yote miwili.

"Mizigo zaidi ya miwili," Mama Spana alisema. "Nisiposikia ulichosema, nakuuliza, sorry? Maana yake rudia. Na kitu kikichakaa, kikatia huruma kukitazama, hicho nacho ni sorry. Kama hii suruali yangu."

Tangu siku hiyo alilipenda neno pole, akawa analitumia popote. Aliwahi kumkanyaga mchomaji wa mikate kwa buti lake zito, akamwambia kwa upole kabisa, "Pole." Mchomaji akaja ofisini anachechemea.

"Kasuku, huyu mama wako ananikanyaga mwenyewe, halafu ananipa pole kana kwamba nimekanyagwa na mpita njia."

Katika watu waliofundishwa mashine zile, aliyeshika haraka alikuwa shemeji yake Kasuku, mume wa dada yake mkubwa. Alikuwa amekaa bila kazi muda mrefu, na Kasuku ndiye aliyemwombea kwa Tajiri. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa mikono, asiyeacha utani hata akiwa mgonjwa. Hakujua Kiingereza, Mama Spana hakujua zaidi ya pole, lakini ukiwakuta wawili hao wameinama juu ya injini iliyofunguliwa ungedhani wamekua nyumba moja. Walielewana kwa vidole, kwa miguno, kwa kutikisa vichwa.

Somo la kwanza la Mama Spana lilikuwa mfuniko. Kila mashine ilikuwa na mfuniko wa wavu, na chini yake swichi ya usalama. Ukiinua mfuniko, mashine inazima yenyewe. Mkono wa mtu na chuma kinachozunguka visikutane kamwe. Alilisema hilo kila asubuhi, Kasuku akalitafsiri kila asubuhi, mpaka wafanyakazi wakawa wanalimalizia wenyewe.

Tajiri hakuipenda swichi ile. Mkandaji akitaka kugusa unga kuona kama umelainika, anainua mfuniko, mashine inasimama, kisha inachukua muda kushika tena mwendo. Na maduka yalikuwa yakipiga simu kuulizia mikate tangu alfajiri. Akamwita fundi wa umeme. Fundi akazikata swichi zote mbili, akaziunga nyaya moja kwa moja, na tangu hapo mashine zikazunguka hata zikiwa wazi.

Mama Spana alipogundua aliingia ofisini bila kubisha hodi. Kasuku akasimama katikati, kama kawaida yake.

"Mwambie mtu atakatika mkono," Mama Spana alisema.

"Mwambie mashine ni zangu," Tajiri alijibu. "Nilizinunua, sikuziazima."

"Mwambie nazirudisha swichi leo hii."

"Mwambie arudishe tu."

Akazirudisha. Alipokwenda kulala, fundi akazikata tena. Wakagombana mara ya pili, na mara ya tatu, na kila ugomvi ulipita kinywani mwa Kasuku, neno kwa neno. Kisha Mama Spana akachoka. Alimwambia Kasuku kwamba amebakiwa na muda mfupi, atamaliza kufundisha, na akifika kwao ataueleza uongozi wake. Wakati ule lilionekana jambo la busara.

Ilitokea asubuhi, kazi ikiwa imepamba moto. Kasuku akiwa mezani hakusikia ukelele. Alisikia mngurumo wa mashine ukibadilika, ukawa mzito kana kwamba inatafuna kitu isichokizoea, kisha kimya. Alipofika, Mama Spana alikuwa amepiga magoti sakafuni, amekaza mkanda wake wa suruali kwenye mkono wa shemeji, na unga uliowazunguka ulikuwa mwekundu.

Hospitali waliukata mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo.

Walisubiri koridoni, kwenye benchi refu la mbao. Dada yake Kasuku alikuwa amekaa katikati, kanga imemwanguka mabegani wala hana habari. Tajiri alisimama ukutani. Daktari alipotoka na kuwaeleza, dada hakulia. Alitazama mbele tu. Hapo Mama Spana, ambaye nguo zake zilikuwa bado na damu, alimsogelea, akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti.

"I'm sorry," alisema. "I'm so sorry."

Dada akainua uso. "Anasemaje?"

Wote wakamgeukia Kasuku.

Hakuna mtu katika jengo lile aliyejua kama yeye kwamba neno hilo lina njia mbili. Alikuwa amelieleza mwenyewe, amelichekea mwenyewe. Angeweza kumuuliza yule mama, una maana ipi? Ingechukua muda wa kupumua tu. Lakini alimtazama dada yake, akawaza kwamba kazi ile ni yeye aliyemtafutia shemeji, na neno pole akaliona dogo mno, kitu unachomwambia mtu aliyejikwaa. Ndani yake kulikuwa na hasira iliyotaka mtu, yeyote yule, aombe msamaha kwa ule mkono.

"Anakuomba umsamehe," alisema.

Dada akaitoa mikono ya Mama Spana magotini mwake, mmoja baada ya mwingine.

"Kwa hiyo ni yeye."

"Dada, subiri..."

"Nimsamehe nini? Nimsamehe amenirudishia nusu mtu?" Akasimama, akamtolea maneno ambayo Kasuku hakuwahi kuyasikia kinywani mwa dada yake tangu wakiwa wadogo. Mama Spana hakuelewa hata moja, ila aliielewa sauti. Alibaki amechuchumaa pale pale, ameinamisha kichwa, akiyapokea.

Kasuku alifungua mdomo arekebishe. Kabla hajasema, Tajiri alijitenga na ukuta. Alimtazama Kasuku kwa muda, bila ukali, kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui bado kama ana bahati.

"Umesikia mwenyewe," alimwambia dada taratibu. "Ameomba msamaha. Mtu haombi msamaha bure." Kisha akamgeukia Kasuku. "Shemeji yako nitamtunza. Akipona ana kazi kwangu, getini, maisha yake yote. Sawa?"

Kasuku akafunga mdomo.

Mama Spana aliondoka wiki ile ile. Tajiri aliwapigia simu watengenezaji, akawaambia mhandisi wao amekiri mbele ya mashahidi kwamba alifunga mashine vibaya. Siku ya kuondoka Mama Spana alipita ofisini kumuaga Kasuku, akamkuta hayupo. Kasuku alikuwa stoo, nyuma ya mifuko, akisubiri gari liondoke.

Maisha yakaendelea, kama yanavyoendelea. Shemeji alipona, akapewa kofia na kiti getini, akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Utani ulimpungua. Dada alimshukuru Kasuku mara nyingi kwa kusimama na familia, na kila shukrani ilimwingia Kasuku kama mwiba wa samaki kooni. Mashine zikazunguka wazi, kwa sababu aliyekosea alikuwa ameshafukuzwa, na hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kutazama nyaya.

Mwaka wa pili ajali ilimpata msichana aliyehamishwa kutoka meza za kufungia kwenda kwenye mashine. Yeye alipoteza vidole tu. Watu walisema "tu," wakashukuru.

Safari hii alikuja mkaguzi wa usalama kazini, mwanamke kijana mwenye miwani, asiyetaka chai. Tajiri alimpokea ofisini na kumweleza kwamba mashine zile zina historia. Mhandisi aliyezifunga hakuwa makini, akafukuzwa na kampuni yake, na mwenyewe alikiri.

"Huyu hapa," alisema, akimwonyesha Kasuku kwa kidevu. "Yeye ndiye aliyetafsiri. Muulize."

Mkaguzi akageuka. "Alikiri?"

Kasuku alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka mezani.

"Hapana."

"Kasuku," Tajiri alisema.

"Alisema nini hasa?" mkaguzi aliuliza.

"Alisema sorry. Alikuwa anampa dada yangu pole. Msamaha niliutia mimi."

"Wewe ulikuwa umechanganyikiwa siku ile," Tajiri alisema, karibu kwa huruma. "Mgonjwa alikuwa wako."

"Nilikuwa nimechanganyikiwa. Lakini siku mliyogombana kuhusu swichi sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimesimama hapa hapa." Akamtazama mkaguzi. "Inua mfuniko wa mashine yoyote. Utaona inavyoendelea kuzunguka."

Mkaguzi alikwenda kuinua. Jioni mashine zote mbili zilikuwa zimezimwa na kuzungushiwa utepe, na Kasuku alikuwa amekusanya vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki: kikombe, sweta, kalamu zake. Hakungoja kuambiwa.

Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Alimkuta anapiga pasi mashati ya shule ya watoto, shemeji amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, redio inaongea peke yake. Akawaambia wakiwa hivyo hivyo, yeye amesimama, mfuko ungali mkononi. Alisema yote, tangu bomba la mvuke hadi kwa mkaguzi.

Dada aliisimamisha pasi. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile ile? Nilipokuwa namtukana yule mama, yuko miguuni pangu, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, dada."

"Na ukaniacha."

Shemeji alinyoosha mkono wa kushoto, akazima redio.

"Hata mimi nilijua," alisema.

Wakamtazama wote wawili.

"Mfuniko niliuinua mimi, nikatia mkono. Swichi nilijua haipo, Tajiri alitukusanya akatuambia. Yule mama alinipigia kelele tangu mbali, alikuwa anakuja mbio, nikadhani ananitania." Alijitazama paja. "Nilipozinduka mlikuwa mmeshapata mkosaji. Nikaambiwa nina kazi getini. Nikasema basi."

Dada alikaa kitandani, juu ya mashati aliyokwisha kuyapiga pasi. "Kwa hiyo katika nyumba hii," alisema, "mjinga nilikuwa mimi peke yangu." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomwumiza Kasuku zaidi.

Namba ya Mama Spana alikuwa nayo muda wote. Alimpigia kesho yake mchana, akiwa amejifungia chumbani kwake, maneno ameyapanga kichwani tangu asubuhi. Simu ilikwaruza, sauti ikawa inakuja na kuondoka. Walisalimiana. Mama Spana alifurahi kumsikia, na furaha hiyo ilimvurugia Kasuku mpango wake wote.

"I'm sorry," alisema.

"Sorry?" Mama Spana aliuliza. "Simu yako inakatika. Rudia."

"I'm sorry. Kwa yale yaliyokupata."

"Aa. Ahsante. Ni zamani sasa. Lakini haikuwa kosa lako."

Kasuku alifumba macho. Yule mama alikuwa amepokea pole. Alikuwa anamshukuru. Neno lilikuwa limemteleza tena, likaangukia upande ule laini, na angeweza kuliacha pale pale, wakaulizana habari za afya na kuagana vizuri. Alijua hilo, na kwa muda alilitamani.

"Hukunielewa," alisema. Akaacha kutafuta maneno mazuri, akayachukua yale ya watoto wa shule. "Lilikuwa kosa langu. Hospitali, uliposema sorry, dada yangu aliuliza umesemaje. Mimi nikamwambia umeomba msamaha. Nilijua siyo. Tajiri alishika hapo. Mimi nikanyamaza."

Sasa simu haikukwaruza hata kidogo. Alisikia mlango ukifungwa upande wa pili, na hatua, na kiti kikivutwa.

"Nilikuwa najiuliza," Mama Spana alisema. "Walinifukuza, unajua? Niliwaeleza habari za swichi, wakasema najitetea. Sijashika mashine kubwa tangu hapo. Nina duka dogo, natengeneza baiskeli. Nilikuwa najiuliza ni nani aliyewaambia nimekiri, na nilikiri lini. Kibaya ni kwamba hata mimi sina uhakika. Siku ile pale chini, sijui nilikuwa namaanisha lipi. Niliziacha zile mashine zikifanya kazi nikijua. Ningeweza kung'oa injini nikaitupa. Labda nilikuwa nampa pole, labda nilikuwa naomba msamaha kweli. Huenda ulitafsiri sawasawa."

"Usinitolee udhuru."

"Sikutolei." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kama nilikuwa naomba msamaha, ulikuwa wangu kuuomba. Uliuchukua ukampa Tajiri. Na siku naondoka nilikutafuta ofisi nzima."

"Nilikuwa stoo."

"Nilijua uko mahali."

Kasuku alimwomba amsamehe. Mama Spana akamjibu kwamba leo hana cha kumwambia, wala hajui atakuwa nacho lini. Akauliza hali ya mkono wa fundi wake, yule mnene, akaandika na namba yake ya simu. Kisha akaaga.

Kasuku alimpigia tena baada ya wiki, simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga mwezi uliofuata, ikawa vile vile. Alipata kazi kwenye duka la vitabu vya shule, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kutafsiriwa. Kwa dada yake alikwenda kila Jumamosi kama zamani, akakaribishwa, akapewa kiti, lakini dada alimhadithia mambo ya nje tu, ya mvua na ya majirani. Mambo ya moyoni aliyaacha.

Ilikuwa Jumamosi moja ya namna hiyo, mchana, simu ya shemeji ilipoita. Alitazama kioo, akashangaa, akampa Kasuku asome namba. Kasuku aliitambua mara moja. Akapokea.

"Nataka kuzungumza naye," Mama Spana alisema kwa Kiingereza baada ya kumsikia. Hakuwa mkali. "Sitaki mtu atafsiri. Mimi na yeye tutajua la kufanya."

Kasuku akairudisha simu. "Ni yeye. Anakutaka wewe."

"Sasa nitamwambia nini? Njoo usimame hapa."

"Amesema asiwepo mtu wa kutafsiri."

Shemeji alimtazama mkewe. Dada akanyanyua beseni la nguo zilizofuliwa, akamwambia mdogo wake, "Njoo unisaidie kuanika," na wakatoka wote wawili uani.

Dirisha lilikuwa wazi. Walikung'uta mashuka, wakayatandaza kwenye kamba, dada upande huu na Kasuku upande ule. Ndani walimsikia shemeji akisema "pole," na tena "pole," kisha akacheka kile kicheko chake cha zamani kilichoanzia tumboni. Baadaye sauti yake ikawa ya mtu anayelia, au aliyeshikwa na kikohozi. Kasuku alisimama na kibanio mkononi, akijaribu kusikia. Hakuambulia neno.

"Vuta upande wako," dada yake alisema. "Shuka linagusa chini."

Akavuta.

Shemeji alipotoka alikaa kizingitini, simu mapajani, macho mekundu. Wakangoja kidogo. Hakuwaambia walichozungumza, na Kasuku hakumuuliza.